Kina cha Mwisho Kimemezwa na Mshono

Shangazi yangu ana kauli moja ambayo nimeisikia tangu utotoni: "Baba yetu alitoka gazetini." Aliisema misibani, aliisema harusini, aliisema akichambua mchele uani kwake Magomeni Mapipa. Gazeti gani, mwaka gani, alitoka kwa lipi? Aliyeuliza alijibiwa kwa mkono, ule wa kufukuza nzi. Babu alikuwa karani bandarini. Alifariki kabla sijazaliwa, akaacha picha mbili, saa ya mfukoni isiyotembea, na sifa hiyo ya gazeti. Sisi wajukuu tukaiweka kwenye kapu moja na zile habari za jamaa aliyemshika mkono Malkia, ambazo kila ukoo wa Dar unazo.

Mwaka juzi nilianza kuitafuta kweli. Shangazi alikuwa ameumwa muda mrefu, na siku moja nikiwa nimekaa kitandani kwake nikatambua kwamba akiondoka, na ile kauli itakwenda naye bila hata mwaka ulioandikwa pembeni.

Nilianzia Mlimani. Wengi wenu mnaijua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na viti vya wasomaji zaidi ya 2,000. Ni jengo la kupendeza. Lakini kinachonivuta mimi pale Mlimani ni mkusanyo uitwao East Africana: vitabu, magazeti, ripoti za serikali, tasnifu za wanafunzi, miswada ya mkono na makabrasha ya watu binafsi, vyote vikihusu eneo hili letu. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo watu wa maktaba walikwisha kuona kwamba nchi changa inahitaji mahali pa kuweka karatasi zake, wakaanza kuzikusanya. Nikifikiria idadi ya mambo yaliyokuwa yakisubiri kufanywa mwaka 1964, nawashukuru watu hao kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Mmoja wa wakusanyaji alikuwa J. W. T. Allen. Katika miaka ya 1960 alizunguka pwani akitafuta tenzi, mashairi, barua na habari zilizoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zile karatasi zilizokuwa zikikaa kwenye masanduku ya msufi na juu ya makabati ya masheikh. Alirekodi pia sauti za watu wakighani. Orodha ya miswada na kanda hizo ilichapwa Leiden mwaka 1970, na kwa miaka mingi mtafiti aliyetaka kujua kilichomo Dar alianzia kwenye orodha hiyo. Kuna makabrasha ya Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliyeandika kuhusu sheria za Wasukuma na Wahaya, ngoma, dawa, jando na unyago. Alifariki mwaka 1962. Kuna pia karatasi za Henry Fosbrooke, yule mhifadhi wa Ngorongoro. Na kwa kuwa sheria ilitaka wachapaji wa nchini wapeleke nakala, kuna vijitabu ambavyo hata waliovichapa hawanavyo tena: risala za vyama vya ushirika, ratiba za sherehe, kanuni za vilabu vya mpira.

Sehemu ya utajiri huo sasa inaonekana kwenye kompyuta. Tasnifu na makala nyingi za chuo unazisoma ukiwa kitandani Mbagala, mradi una bando. Kazi ya kuziingiza nyaraka kongwe inakwenda polepole zaidi, na upole huo niliuelewa vizuri siku nilipokaa pembeni ya kijana mmoja anayeskani nyaraka mjini.

Nilidhani kuskani ni kufunika kifuniko na kubonyeza. Kijana yule alikuwa na kitanda cha kulaza kitabu, chenye mbavu mbili zinazofunguka kama viganja, ili uti wa kitabu usivunjike. Juu yake kamera, kushoto na kulia taa. Kabla ya kugusa chochote alipangusa kila ukurasa kwa brashi laini. Vumbi la gazeti la zamani ni la rangi ya chai, na sehemu ya vumbi hilo ni gazeti lenyewe. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, ina asidi ndani, na asidi hiyo huila kuanzia ndani huku joto na unyevunyevu wa Dar vikiisaidia. Mchwa na mende wa karatasi humalizia. Ukurasa mmoja wa ukubwa wa gazeti dogo, ukipigwa kwa nukta 400 kwa inchi katika rangi zake kamili, huchukua zaidi ya megabaiti 90. Gazeti la kurasa 16 likafika gigabaiti moja na nusu. Halafu unahitaji nakala ya pili mahali pengine, na ya tatu mbali zaidi, kwa sababu diski nayo hufa, tena bila kuugua. Kijana akaniambia, "Kaka, karatasi ikioza unaona. Faili likioza linakaa kimya." Siku nzima alimaliza juzuu moja na robo.

Nikarudi nyumbani na heshima mpya, nikaanza kuandika jina la babu kwenye visanduku vya kutafutia.

Hapakuwa na kitu. Niliandika majina yake yote matatu, nikaandika mawili, nikaandika moja na "bin" katikati, nikaandika "karani" na "bandari". Niliingia kwenye hifadhi moja, mbili, nne, za ndani na za ng'ambo. Babu hakuwemo. Nilikaribia kuamini kwamba kile kilikuwa kikapu cha hadithi tu.

Aliyeniokoa ni mkutubi mmoja mstaafu, mama wa makamo ambaye nilitambulishwa kwake na rafiki. Nilimkuta barazani kwake Sinza. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, unatafuta kwa jina la kitambulisho. Hao wazee hawakuandika kwa jina la kitambulisho. Halafu unaiuliza mashine, na mashine haijui Kiswahili."

Maneno hayo mawili yamenishughulisha tangu siku ile.

Nianze na mashine. Ukurasa ulioskaniwa ni picha. Ili uweze kutafuta neno ndani yake, lazima programu nyingine iisome picha na kuigeuza maandishi, na programu hizo zililelewa kwa lugha nyingine. Zinapokutana na gazeti la Kiswahili la mwaka 1930, lenye wino uliopauka na herufi zilizogusana, "n" inakuwa "u", "m" inakuwa "in", na "Mwinyi" anakuwa kitu kisichotamkika. Hata pale iliposoma sawasawa, lugha yetu inabadilika mwanzoni mwa neno, ilhali mitambo ya kutafuta imezoea maneno yanayobadilika mwishoni. Andika "mvuvi", na ukurasa wenye "wavuvi" na "uvuvi" mara kumi unakupita. Andika "karani", na "makarani" wote wa bandari hawaitiki. Ndiyo maana siku hizi nikitafuta kitu huandika neno kwa umoja, kwa wingi, na kwa kila umbo la kitenzi ninaloweza kulifikiria, kama mtu anayebisha hodi kwenye milango yote ya nyumba moja.

Kisha kuna tahajia. Maofisa wa Kijerumani waliandika walivyosikia na kwa kanuni za kwao. Uzaramo ukawa Usaramo. Mwanza ikawa Muansa. Mpwapwa ikawa Mpapua. Ujiji, mji wenye herufi tano tu, ukaandikwa Udschidschi. Jiji letu lenyewe lilikuwa Daressalam, neno moja. Mjukuu wa Ujiji anayetafuta habari za babu wa babu yake na kuandika "Ujiji" ataambiwa hakuna matokeo, ilhali majalada yapo. Yapo kwelikweli: nyaraka za enzi ya Wajerumani zilizo katika Nyaraka za Taifa, pale Upanga, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Dunia inazitambua. Mtu wa Ujiji hajui azitafute kwa herufi zipi.

Na majina ya mitaa. Barabara tunayoiita Samora ilikuwa Independence, na kabla ya hapo Acacia. Uhuru ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street. Nyumba haikusogea hata inchi, lakini barua zake zimetawanyika chini ya majina mawili au matatu. Wazee wa Kariakoo wanayajua haya bila kufikiri. Hakuna mashine inayoyajua mpaka mtu akae chini na kuyaandika pembeni ya kila picha: mtaa huu zamani uliitwa hivi, mji huu pia uliandikwa vile, huyu aliyeandikwa "mtumishi" ana jina.

Kwa miswada ya herufi za Kiarabu kazi ni nzito mara mbili. Katika mwandiko ule wa zamani herufi moja ilibeba sauti za b, p na mb. Irabu za i na e ziliandikwa sawa, na za u na o vilevile. Anayejua Kiswahili anasoma "pita" au "peta" kwa kufuata maana na kina cha shairi. Mashine inaona alama tu. Waandishi wa miswada ile hawakuona taabu kwa sababu walimwandikia mtu ambaye tayari anaijua lugha, na mara nyingi tayari anaujua utenzi wenyewe kwa moyo.

Nasema yote haya kwa sababu tunaposikia maktaba imeweka mkusanyo fulani mtandaoni, tunapiga makofi na kuona kazi imekwisha. Sikatai makofi. Ila picha ya ukurasa ni nusu ya kazi, na pengine nusu nyepesi, maana inahitaji fedha, umeme na kijana mwenye subira kama yule. Nusu nyingine inahitaji watu wanaojua nani ni nani, na watu hao wana miaka 80.

Chuo chetu kiliwahi kulielewa jambo hili kuliko chuo kingine chochote ninachokijua. Mwaka 1968 Idara ya Historia, wakati huo ikiwa na watafiti kama Terence Ranger, John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wakati wa likizo waende kwa wazee wa sehemu zilizopigana Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wakaketi na watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita, wakawauliza nani alileta dawa, nani alikimbia, walikula nini wakati wa njaa iliyofuata. Ripoti zao zikapigwa chapa na kutolewa kwa mashine ya kurudufia. Majalada ya Wajerumani yalihesabu bunduki na waliotii. Wazee walitaja majina ya waliokufa. Leo hayupo hata mmoja wa wazee wale, na karatasi zile ndizo zinazosema kwa niaba yao.

Katika wimbi hilohilo, mjukuu wa Kleist Sykes aliandika maisha ya babu yake akitumia karatasi na kumbukumbu za familia. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari aliyetoka Msumbiji na jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani. Akawa askari, kisha karani wa reli, kisha katibu wa kwanza wa African Association, chama kilichokuja kuzaa TANU, mwaka 1929. Makala ya mjukuu ilichapwa mwaka 1973, na sioni historia ya Dar es Salaam ya kati ya vita viwili inayoweza kuandikwa bila hiyo. Chanzo chake kilikuwa sanduku la nyumbani, hapahapa mjini. Ni masanduku mangapi ya namna hiyo yametupwa wakati nyumba za Kariakoo zikivunjwa kujengwa maghorofa? Nimeshuhudia moja mimi mwenyewe, Mtaa wa Sikukuu: daftari za mahesabu ya duka zikiwa zimelowa kwenye kifusi, mwandiko mzuri, wino wa bluu, na fundi akizitumia kuwashia moto wa chai. Sikumzuia. Nilikuwa kijana, sikujua naangalia nini, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kuna upande mwingine unaonipa wasiwasi, nao ni wa yale yasiyopaswa kuanikwa. Cory aliandika kwa urefu kuhusu jando, na alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafundishia vijana. Maelezo hayo ni ya thamani kubwa. Ila mafunzo yale yalitolewa faraghani, kwa aliyefikia umri, na mwenye haki ya kuyatoa. Nilimsomea shangazi kipande kidogo cha maelezo ya namna hiyo. Akanyanyua mkono kabla sijafika nusu. "Hayo wamekupa nani?" Nikamwambia yako wazi, yeyote anaweza kuyasoma. Akanyamaza, kisha akasema kwamba mwenye kuyasema hakujua kwamba anausemea ulimwengu. Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi. Kwa maoni yangu kila mkusanyo wa aina hii ungepaswa kuwa na watu wa kushauriana nao, kungwi na ngariba wastaafu kama wapo, kabla kitufe cha kufungulia hakijabonyezwa. Si kwa ajili ya kuficha. Mambo ya chumbani huzungumzwa chumbani, na maktaba kubwa inaweza kuwa na chumba.

Na kuna suala la jina la mwenye neno. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 kilitoka kikiwa na jina la Carl Velten mbele. Sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na kufia hukohuko mwaka 1927. Kwa miaka mingi mtafutaji aliyeandika "Mtoro" kwenye katalogi alipata patupu, akaandika "Velten" akapata kitabu. Siku hizi imeanza kurekebishwa. Kurekebisha kwenyewe hakuhitaji mashine ya gharama: ni mstari mmoja kwenye maelezo ya kitabu, na mtu mwenye moyo wa kuuandika.

Sasa nirudi kwa babu.

Yule mama wa Sinza aliniuliza, "Alikuwa mshairi?" Nikasema sijui. "Karani wa miaka ile, kajisifu katoka gazetini, na hakuwa mwanasiasa? Huyo ametunga. Katafute *Mambo Leo*, na umuulize shangazi yako alijiita nani."

*Mambo Leo* lilianza mwaka 1923, likitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu hapa Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lilisema ya serikali, lakini wasomaji walilifanya lao. Waliandika barua kutoka Kigoma, Songea, Tanga, wakauliza, wakapongezana, wakataarifu misiba, na wakatunga. Kurasa zake za mashairi zilikuwa uwanja: mtu anatunga, mwingine anamjibu miezi miwili baadaye, wa tatu anaingilia kuamua. Shaaban Robert alipita kwenye kurasa hizo. Na wengi walitumia lakabu.

Nilimpigia shangazi usiku uleule.

"Shangazi, babu alikuwa na jina la kutungia?"

Kimya. Kisha kicheko kile cha mtu aliyeguswa mahali pa zamani sana. "Nani amekwambia?"

Akalitaja. Ni jina la ndege wa pwani. Silitaji hapa, kwa kuwa nilipomwomba ruhusa alisema bado anafikiri, na jina ni lao, yeye na ndugu zake waliobaki wawili.

Kwa jina hilo mashine nayo haikunipa kitu. Nikaamua kusoma kwa macho. Hifadhi moja ya ng'ambo imeweka miaka kadhaa ya gazeti hilo, nami nikawa nafungua toleo moja kila usiku baada ya watoto kulala, naruka habari za kilimo cha pamba na maelezo ya minyoo, nakwenda moja kwa moja kwenye mashairi. Wakati mwingine sikuruka. Nilisoma barua ya mwalimu wa kijijini akilalamika kwamba wazazi wanawatoa watoto shule wakati wa kupalilia. Nilisoma tangazo la mtu aliyepoteza baiskeli. Usiku mwingi nililala saa nane.

Nilimpata mwezi wa nne wa kutafuta, tena si yeye. Lilikuwa shairi la kumjibu. Beti saba, za mtu wa hapahapa mjini, zikimwita yule ndege kwa jina katika ubeti wa kwanza na kumkemea kwa kusifia suruali. Inaelekea babu alikuwa ametunga shairi la kutetea vijana waliovaa suruali badala ya kanzu, na huyu bwana hakukubali: aliyevua kanzu, alisema, amevua na adabu. Toleo lenye shairi la babu mwenyewe halimo kwenye hifadhi ile. Nililitafuta mbele na nyuma. Pengo la miezi mitatu, kisha gazeti linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hata hilo jibu halikuwa zima. Matoleo yalikuwa yameshonwa pamoja kuwa juzuu nene, na aliyeyapiga picha hakuweza, au hakutaka, kuukata mshono. Safu ya ndani ya ukurasa ilizama kwenye uti wa kitabu. Kila mshororo ulikosa silabi zake mbili au tatu za mwisho. Vina vyote vya mwisho vilikuwa vimemezwa.

Jumamosi nikaenda Magomeni na kompyuta. Shangazi alivaa miwani, akaisukuma kompyuta mbali, akaivuta karibu. "Soma wewe." Nikaanza kusoma, nikifika mwisho wa mshororo nasita, namwambia hapa pamekatika. Ubeti wa kwanza alinyamaza. Ubeti wa pili, niliposita, akamalizia yeye. Nikamtazama. "Kina cha mwisho ni yo," akasema. "Hukisikii? Mpe kati, mwisho utakuja wenyewe." Tukaenda hivyo ubeti kwa ubeti, mimi nikisoma kilichoonekana, yeye akitia kilichozama, akipima mizani kwa vidole juu ya shuka. Mara mbili alikataa neno lake mwenyewe na kuweka jingine. Sina hakika kwamba yote ndiyo yaliyoandikwa. Nina hakika kwamba yote yana mizani.

Tulipomaliza alikaa kimya kidogo. Halafu, bila kuombwa, akaghani mshororo ambao haumo kwenye ukurasa ule wala kwenye hifadhi yoyote niliyoifungua:

*Vazi halimpi mtu, heshima asiyo nayo.*

"Hicho ni kituo chake," akasema. "Cha baba. Alikuwa anakighani akipiga pasi ile suruali."

Nikamwomba aseme zaidi. Alikumbuka beti mbili nzima na nusu ya tatu. Nilizirekodi kwenye simu, nikaziandika, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili. Wiki iliyofuata nilimpigia yule mama wa Sinza kumuuliza faili la sauti kama lile linapelekwa wapi na linaandikwaje. Akaniambia niandike nani anaghani, ana miaka mingapi, alisikia kwa nani, wapi, lini, na nani ameruhusu nini. "Ukiacha hayo," akasema, "umeweka kelele."

Nikarudi Magomeni na karatasi yenye mistari hiyo. Shangazi aliijibu yote kwa utaratibu, kama anayejaza fomu ya hospitali. Kwenye mstari wa ruhusa alisema sauti iwekwe, lakabu ingoje mpaka azungumze na ndugu zake Tanga. Nikaandika hivyo hivyo. Nilipokuwa nafunika kalamu akanigusa mkono.

"Na yule aliyemjibu, mmemwandika jina?"

Nikasema gazeti limeweka lakabu tu, hatuwezi kumjua.

"Hatuwezi?" Alijiweka sawa kwenye mto. "Alikuja kumzika baba, kwa kanzu. Andika. Alikuwa fundi cherehani, akikaa Mchikichini, nyumba ya pili kutoka kisimani."